Jahazi Darasani: Uchambuzi wa Kisa cha Yoga ya Watoto wa Awali Tanga

Darasa ni la awali, katika shule moja ya msingi jijini Tanga ambayo jina lake nitaliacha. Watoto wana miaka 5 na 6, idadi yao imepita 40, na chumba kilijengwa kwa ajili ya nusu yao. Mwalimu wao alianza yoga, mazoezi ya mikao ya mwili na pumzi, kwa sababu ya maumivu ya mgongo, akaona nafuu, akataka watoto nao waonje kidogo kila asubuhi kabla ya uji wa saa nne. Jambo likawa halimwendei. Akaniomba nikae nyuma ya darasa nitazame, kisha tukae tuzungumze.

Alikuwa na kitabu kimoja cha picha kutoka ng'ambo, kizuri kwa macho, kinachowapeleka watoto kwa ndege mpaka kwenye milima ya theluji. Ukurasa huu ndege, unaofuata pengwini, unaofuata mbwa wanaovuta gari kwenye barafu, na kila picha ina mkao wake. Mwalimu alikishika kitabu kifuani kwa mkono mmoja huku akijaribu kuonyesha mkao kwa mkono uliobaki. Watoto wa mbele waliiona picha, wa nyuma waliona vidole vya mwalimu. "Haya, sote tuwe pengwini!" Kila mtoto akamtazama jirani yake. Wengine wakauliza pengwini anakula nini, swali la maana kabisa, lakini halikuwa na nafasi kwenye somo. Mkao haukukaa hata pumzi mbili, kusukumana kukaanza. Walipofika kwenye kulala chali na kufumba macho, sehemu kubwa ya darasa ilikuwa inacheka, na mtoto mmoja wa kiume alikwishainuka zamani akaenda kukaa mlangoni.

Rahisi kusema tatizo ni theluji, kwamba mtoto wa Tanga hawezi kuwaza asichokiona. Sikubaliani. Mtoto wa miaka 5 anaweza kuwa zimwi asubuhi nzima na hajapata kuliona, kwa sababu anajua zimwi linataka nini: linataka kula watu. Pengwini wa kitabu kile hakutaka kitu. Alikuja baada ya ndege kwa sababu tu ukurasa ulifunuliwa, akaondoka vivyo hivyo. Ugeni wa theluji uliongeza uzito, lakini mzigo wenyewe ulikuwa kukosekana kwa sababu.

Hapo ndipo msimamo wangu katika kisa hiki unaposimama. Wengi wanaofundisha yoga ya watoto huitumia hadithi kama sukari ya kupitishia dawa: mazoezi ndiyo kazi, safari ni pambo. Nilichokiona Tanga ni kwamba hadithi ndiyo inayofundisha. Inampa mtoto sababu ya kuingia kwenye mkao, sababu ya kubaki humo, na sababu ya kutoka. Ikikosekana mojawapo ya hizo tatu, mwalimu hubaki na sauti yake tu, na sauti ya mtu mmoja mbele ya watoto 40 haifiki mbali.

Viumbe wenyewe wamo katika yoga tangu zamani. Gheranda Samhita, maandishi ya Kihindi ya kama mwisho wa karne ya 17, yanataja mikao 32, na humo utamkuta kobe, samaki, jogoo, chura, nzige, mamba, ngamia, simba, nyoka na mti. Kuiunganisha mikao ifuatane bila kukatika, kama tunavyoona leo, kunatokana sana na Krishnamacharya, mwalimu wa yoga wa India, aliyewafundisha wavulana katika kasri la Mysore kuanzia miaka ya 1930. Kwa hiyo mwalimu wetu alikuwa na viumbe na alikuwa na mfuatano. Kilichokosekana ni uzi wa kumtoa mtoto kwa kiumbe mmoja umfikishe kwa mwingine.

Mwalimu amezaliwa Pangani. Nilipomuuliza babu zake walisafiri kwenda wapi na kwa nini, alicheka, kisha akanyamaza, kisha akaanza kuchora. Safari ikawa ya jahazi, kutoka Tanga mpaka Muscat. Ni safari iliyokuwapo kweli: majahazi ya Omani na Ghuba yalishuka pwani yetu na kaskazi, kati ya Desemba na Machi, yakarejea kwao kusi ilipoanza kushika mnamo Aprili. Hakuna nahodha aliyeondoka kwa sababu amejisikia kuondoka. Upepo ulimwambia. Mtoto anaelewa hilo bila kuelezwa sana, na papo hapo tukapata kitu ambacho kitabu cha theluji hakikuwa nacho: pumzi yenye kazi ya kufanya. Bila pumzi jahazi haliendi.

Akashona kitabu cha manila, kurasa chache tu, picha kubwa za krayoni, sentensi moja chini ya kila picha. (Asiyejua kuchora asikate tamaa. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania upo tangu 1991, na African Storybook, maktaba ya mtandaoni ya Afrika Kusini, ina hadithi za Kiswahili zinazoruhusiwa kuchapwa na kubadilishwa bure. Inatosha kuchagua hadithi ambayo mhusika wake anataka jambo.) Akabadilisha pia namna ya kukishika kitabu, na badiliko hili dogo lilisaidia kuliko nilivyotarajia. Anakaa chini. Anafungua ukurasa, anaupitisha polepole kutoka dirishani mpaka mlangoni ili kila jicho liuone, anasoma sentensi yake, anafunga kitabu na kukiweka chini ya kikoi. Ndipo mwili unaanza. Kitabu kikiachwa wazi, watoto huiga mchoro: wanakunja shingo kuutazama huku viwiliwili vyao vimeinama, na huo ni mkao mbaya kuliko kukosa mkao. Kikifungwa, picha inabidi itoke ndani.

Safari inaanza kwa kupandisha tanga. Watoto wamesimama, miguu imeshika sitaha, mikono inavuta kamba kutoka chini mpaka juu ya kichwa, hewa ikiingia kwa pua. Tanga likijaa, mikono inashuka taratibu na hewa inatoka ndefu. Kaskazi inaingia, kusi inatoka, na kusi ndiyo inayotupeleka, kwa hiyo kusi ni ndefu zaidi. Ndivyo mwalimu anavyosema, na ndivyo mwili unavyotaka, maana moyo hupunguza mwendo tunapotoa pumzi. Hakuwahesabia. Mtoto wa miaka 6 akitulia hupumua kama mara 18 hadi 25 kwa dakika, mtu mzima 12 hadi 20. Ukimpa mtoto hesabu ya pumzi ya mtu mzima atakosa hewa na kuanza kuhema, kisha utamlaumu kwa kutotulia.

Kituo cha kwanza ni Maziwe, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo somo lote lilipopata uhai. Maziwe ni kisiwa cha mchanga nje ya Pangani, hifadhi ya bahari tangu 1975. Zamani kilikuwa na miti, na kasa walipanda kutaga kwa wingi. Leo miti imekwisha na maji yakijaa mchanga wote huzama, kwa hiyo mayai yanayotagwa pale huhamishwa kwenda ufukwe wa Ushongo, bara, yasife kwa maji. Shimo moja huweza kuwa na mayai zaidi ya 100. Hukaa mchangani kama miezi miwili. Kasa wadogo hutoka usiku na kukimbilia kwenye mwanga wa upeo wa bahari.

Tazama sababu zilivyojipanga zenyewe. Mtoto anajikunja kuwa yai, magoti yamekunjwa, mgongo wa mviringo, kwa sababu yai liko shimoni. Anabaki, kwa sababu yai likitoka mapema kasa hajaiva. Anabaki zaidi ya nilivyopata kuona watoto wa umri ule wakibaki mahali popote. Mwalimu anapita kati yao, anasema kwa sauti ya chini, "Bado mchanga ni wa moto... bado... sasa umepoa, ni usiku." Kwanza pua, halafu kichwa, halafu mikono inasukuma mchanga na kifua kinainuka: mkao wa nyoka katika vitabu vya yoga, hapa kasa anayetoka shimoni. Anatambaa kwa tumbo mpaka kwenye maji, yaani ukingo wa mkeka, anaogelea kidogo, anapumzisha shavu. Hakuna aliyesukuma mwenzake. Kasa waliokuwa karibu walipishana, kwa kuwa wote walikuwa wanakwenda upande mmoja na wote wana haraka ya aina moja.

Siku chache baadaye akaja bibi wa mtoto mmoja. Akaamkiwa, akaketi kwenye benchi, hakuzunguka.

"Mwalimu, mjukuu wangu kanionyesha kasa wake jana. Mbona anasujudu?"

Mwalimu hakubisha wala hakucheka. "Ni kweli bibi, yanafanana. Nionyeshe ulivyoona." Bibi akaeleza: paji la uso chini, viganja mbele. Ilikuwa haki yake. Mkao ule, kama unavyofundishwa kwingi, kwa jicho la Mwislamu ni sijda, na sijda ina mwenyewe. Wakaurekebisha pale pale: mikono irudi nyuma kando ya miguu, viganja viangalie juu, shavu moja lilale chini na uso utazame pembeni. Ikawa yai kuliko ilivyokuwa mwanzo, na pua zikawa huru kupumua. Bibi akauliza tena, kwa sauti ya upole zaidi, kama haya si dini ya Kihindi wanayoingiziwa watoto.

Swali hili huulizwa kila mahali, na mwalimu asiye na jibu asianze. Mwaka 2008 Baraza la Fatwa la Malaysia lilitoa uamuzi dhidi ya yoga kwa sababu ya kuchanganya mazoezi, mantra (maneno ya ibada yanayorudiwarudiwa) na ibada. Mwaka 2009 maulamaa wa Indonesia walikataza yenye mantra na kuruhusu ya mazoezi ya mwili pekee. Mwaka 2017 Saudia ikaikubali kama mchezo. Huko California, wazazi walizishtaki shule za Encinitas. Mahakama ya kwanza mwaka 2013, na ya rufaa mwaka 2015, zikaona kwamba somo jinsi lilivyotolewa halikuwa ibada. Shule zilikuwa zimeondoa majina ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India, na kuipa mikao majina ya kitoto. Mimi naona kuondoa majina hakutoshi na kunaweza kuzidisha shaka, kama mzazi hakuambiwa asili ya kitu. Mwalimu wetu aliita kikao. Akasema wazi kwamba yoga imetoka India na imelelewa ndani ya dini za kule, kwamba darasani hakuna mantra, hakuna kuunganisha viganja, hakuna maneno ya kumwomba yeyote, na kwamba mzazi asiyetaka, mtoto wake atakuwa msimamizi wa kitabu bila aibu yoyote. Bibi alihudhuria. Akauliza kama safari itapita Mombasa, kwa dada yake.

Kuna badiliko jingine lililotokana na kusikiliza. Mkao maarufu wa kuinama kwa mikono na miguu, makalio yakiwa juu, huitwa wa mbwa. Familia nyingi za pwani hazipendi mtoto aigize mbwa, na sioni sababu ya kushindana nao. Jahazi likapiga nanga Lamu, ambako mizigo hubebwa na punda. Punda amebeba makuti, amefika kwenye maji, anashusha kichwa anywe. Akishanyanyua kichwa amekunywa, safari inaendelea. Sababu ya kuingia ipo, ya kubaki ipo, ya kutoka ipo. Jambo la kuangalia ni mikeka: mkeka wa ukili unateleza kwenye saruji, kwa hiyo punda huweka kwato zote nne sakafuni, nje ya mkeka. Na punda wa darasa hili hapigi mateke.

Si kila kituo kilifaulu. Watoto walidai papa, naye mwalimu akawapa. Kwa dakika moja darasa likawa soko: papa kumi na kitu wanawafukuza mabaharia, mmoja akang'ata kweli. Wengine wangemwondoa papa moja kwa moja. Mimi na mwalimu tuliona papa ni mali, maana watoto huipenda hofu yenye mwisho, na safari ya bahari isiyo na hatari yoyote hawaiamini. Tatizo ni kwamba hatari ya kukimbiza hujibiwa kwa kukimbia. Ikabidi papa awe anapita chini ya jahazi wakati wa shwari. Upepo umekufa, tanga limelegea, papa anazunguka, naye husikia kila mtikisiko. Mabaharia wamekaa, miguu imeinuliwa kidogo kutoka sitahani, mikono imenyooshwa mbele: mkao wa mashua, unaochosha tumbo kweli. Hakuna anayetikisika. Wote wanasubiri kimya papa aondoke. Hofu ile ile, mwili tofauti kabisa. Kama nitaombwa kuchagua jambo moja katika kisa hiki la kumpa mwalimu mwingine, nitachagua hili.

Muscat ni fupi. Kuna ngamia, watoto wamepiga magoti, mikono kiunoni, kifua kinafunguka kuelekea jua. Kushika visigino tumewaachia wakubwa. Nyuma ya mji ni milima, wanasimama wima, basi.

Usiku unaingia na mabaharia wanalala sitahani. Hapa tunamrudia mtoto wa mlangoni. Tangu siku za theluji, kila wenzake walipolala yeye aliinuka. Mwalimu alidhani ni ukaidi, na kumwita arudi kuliishia kwa machozi. Kulala chali katikati ya watu na kufumba macho ni ombi zito kuliko tunavyofikiri. Kuna watoto ambao giza la kope zao halina usalama, kwa sababu wanazozijua wao. Mwalimu hana haja ya kuzichokonoa mbele ya darasa. Akiona dalili nyingine za shida, hilo linakwenda kwa mwalimu wa malezi na ustawi wa jamii, na halitibiwi kwa yoga.

Ila hadithi ilikuwa na nafasi yake tayari. Jahazi halilali lote. Usiku lazima mtu ashike usukani. Mwalimu akatangaza kwamba anahitaji mtu wa zamu asiyesinzia, akampa rula ndefu ya ubao. Mtoto akakaa na mgongo wake ukutani, macho wazi, rula mapajani, na kazi yake ikawa kutazama matumbo ya mabaharia yanavyopanda na kushuka ili ajue wote wako salama. Hakuondoka. Akiwatazama wenzake wanavyopumua, naye pumzi yake ilishuka. Nilikuwa karibu naye, niliona mabega yanalegea. Aliishika zamu hiyo kwa muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha. Asubuhi moja akamkabidhi rula msichana aliyekuwa jirani yake, akalala kifudifudi, uso ukielekea mlangoni. Siku iliyofuata akaitaka rula yake tena, akapewa.

Mambo ya usalama hayana hadithi ndefu. Hakuna kusimama kwa kichwa wala kuweka uzito shingoni, kichwa cha mtoto ni kizito kwa mwili wake. Hakuna kubana pumzi. Hakuna kufanya baada ya uji, tumbo litarudisha. Mwenye pumu au selimundu hupumzika anapotaka na maji yako karibu. Wasichana huvaa bukta ndani ya sketi, na safu zimepangwa ili asiwepo wa kumtazama mwenzake kwa nyuma. Kabla ya hapo baadhi yao walikataa punda na watu wakasema ni wavivu. Mwalimu hamsukumi wala hamvuti mtoto kwa mkono, anasahihisha kwa kuongeza neno kwenye hadithi: "Punda wangu, shingo imechoka, iachie." Kulia na kushoto zimekuwa dirishani na mlangoni, kwa kuwa mwalimu anawaangalia na mikono yake imegeuka.

Sasa darasa la tatu wamesikia na wanataka jahazi lao. Nilimshauri mwalimu asiwape hili. Kwa watoto wa miaka 8 na 9 kasa na punda ni mambo ya wadogo, watayafanya kwa dhihaka. Wao wanataka ramani na kisa cha kweli, na mwenzake mmoja aliyekulia Kigoma amewaletea meli ya Liemba: iliundwa Ujerumani, ikaletwa vipande vipande mpaka Ziwa Tanganyika, Wajerumani wenyewe wakaizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927. Watoto wanachora kurasa wenyewe. Kuunganisha vipande kumeshapata mikao yake, mmoja mmoja kisha wawili wawili, na kuzama wanakupenda mno: wanashuka kutoka kusimama mpaka kulala chali, polepole, maji yakiwafunika. Kinachosumbua ni kuibuka. Wakisikia mwaka 1924 wanaruka juu kwa mkupuo mmoja, na mwalimu wao huyo bado anatafuta sababu ndani ya kisa itakayowainua pingili moja moja ya uti wa mgongo. Jana alikuwa anawauliza: meli iliyojaa matope, kitu gani kinatangulia kutoka?